Shikamoo atapata, lakini na bonyeo ataambiwa

Nipo Uholanzi mwaka wa tisa sasa, napakia mizigo kwenye ndege, na kabla ya kuja nilifanya kazi hiyohiyo miaka mitatu kwenye uwanja mmoja huko nyumbani. Kwa hiyo hili la mashirika yetu ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya wasioruhusiwa kuruka huku, kwanza Air Tanzania Disemba 2024 halafu Juni 2025 wote wenye cheti cha kwetu, limenikaa moyoni. Naona watu wanaandika ni wivu wa wazungu, ni ukoloni. Mi nakataa.

Orodha ile haisemi marubani wetu hawajui kazi. Air Tanzania waliwekwa kwa kasoro za usalama zilizoonekana kwenye shirika lenyewe, ila zuio la wote la 2025 linamuangalia anayewakagua, yaani mamlaka ya anga ya nchi. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944 utaratibu ni kwamba kila nchi inasimamia mashirika inayoyapa cheti, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, wanaandika viwango, na baada ya hapo ni kuaminiana kwa sehemu kubwa, yaani cheti kikitolewa Dar mtu wa Amsterdam anatakiwa akipokee bila kuikagua upya ndege nzima. Sasa mtoa cheti akitiliwa shaka wote wanaanguka naye, hata shirika linalojitahidi. Indonesia waliwekewa zuio lote 2007, wakapambana, shirika moja moja likatolewa mpaka 2018 wakatoka wote. Walirekebisha ukaguzi wao.

Ila kinachoniuma mimi kiko chini kabisa, pale kwenye mlango wa mizigo.

Huko nyumbani usiku mmoja gari la mkanda wa kupandishia mizigo liligonga ubavu wa ndege, likaacha bonyeo la ukubwa wa kiganja. Niliweka mkono wangu pale nikausikia ule ubaridi wa bati na ukingo uliokunjika. Nikamfuata bosi nikamwambia mzee kuna bonyeo, akanijibu, "Kijana, we ni injinia?" Nikanyamaza. Mlango ukafungwa, ndege ikaondoka na abiria wake, na mimi sikulala mpaka asubuhi niliposikia imetua salama.

Huku mwaka wangu wa kwanza ikatokea karibu vilevile, mkanda umekwaruza ukingo wa mlango, mi nimeganda natafuta nani mkubwa wa kumwambia, dogo wa kama miaka 22 tunayefanya naye kazi keshashika redio anaita injinia. Ndege ikachelewa karibu saa nzima. Bosi akaja, tunamuita kwa jina lake la kwanza tu, akauliza imekuwaje, akaandika, akatushukuru. Nilisubiri barua ya onyo wiki mbili nzima, haikuja. Baadaye ndo nikajua kuna sheria ya Ulaya, namba 376 ya 2014, inayosema tukio liripotiwe na aliyekosea kwa bahati mbaya asiadhibiwe, labda awe amefanya makusudi au uzembe mkubwa.

Na msiniambie Waholanzi wamezaliwa hivyo. Kwenye kisiwa cha Tenerife, Hispania, 1977 kapteni wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, mkubwa anayefundisha wenzake, aliondoa ndege kwenye ukungu, fundi aliyekuwa nyuma yake akauliza kwani ile ndege ya Pan Am ya Wamarekani haijatoka kwenye barabara ya kurukia, kapteni akajibu imetoka, basi, yule fundi hakurudia, na ndege mbili zikagongana. Walikufa watu 583. Ajali hiyo ni mojawapo ya zilizofanya marubani waanze kufundishwa darasani kabisa, mdogo afundishwe kusema, mkubwa afundishwe kusikiliza. Yaani walijifunza kwa makaburi.

Na sisi makaburi tunayo. Ndege ya Kenya Airways iliyoanguka Douala Mei 2007, watu 114, iliruka usiku kwenye mvua ikaanza kulalia kulia na hakuna aliyekuwa anaishika sawasawa, na ripoti ya uchunguzi ilimuelezea kapteni kama mtu wa kuwatawala wenzake na rubani msaidizi kama mpole asiyepingana naye. Nikisoma pale namuona yule bosi wangu, najiona na mimi.

Wakubwa wa dunia nao wanaharibu, hilo nalisema wazi. Marekani waliwaachia watu wa Boeing sehemu kubwa ya kuikagua ndege yao wenyewe ya 737 MAX, na Machi 2019 ndege ya aina hiyo ya shirika la Ethiopian iliyokuwa inakuja Nairobi ikaua watu 157, Wakenya 32 ndani yake. Ndo maana sitaki mkaguzi awe mfukoni mwa anayekaguliwa, iwe Seattle kwa Boeing au Dar.

Heshima yetu naipenda, nikirudi likizo naamkia wazee wote wa mtaa. Lakini mzee wa kazini atapata shikamoo yake na kwenye sentensi hiyohiyo ataambiwa bonyeo liko wapi, na sheria yetu imlinde aliyesema, kwa maandishi, kazini kwake asiguswe.

Mdogo wangu ameanza kazi uwanjani huko nyumbani mwezi uliopita, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Juzi nimempigia nikamwambia ukiona kitu usinyamaze. Akaniuliza, "Kaka, nikisema, mkataba wa pili nitapewa?"