Nafuu ya kodi imeokoa majengo ya kale Marekani. Mitaa je?

Mwaka 1993 kampuni ya Sears ilifunga bohari yake kubwa mjini Memphis, jimbo la Tennessee. Jengo hilo, lililojengwa 1927, lina zaidi ya futi za mraba milioni moja, na kwa zaidi ya miaka 20 lilikaa tupu. Kulibomoa kulikuwa ghali. Kulikarabati kulikuwa ghali zaidi, na benki gani ingekopesha mradi ambao ukikamilika thamani yake sokoni ni ndogo kuliko gharama zake? Hata hivyo Agosti 2017 lilifunguliwa upya kwa jina la Crosstown Concourse, likiwa na kliniki, ofisi, migahawa, baadaye shule ya sekondari, na nyumba za kupanga zaidi ya 250. Mradi uligharimu takriban dola milioni 200. Mji ulichangia milioni 15. Sehemu kubwa ya pengo ambalo mikopo haikuweza kuziba ilizibwa na fedha zisizoonekana kwenye bajeti kama matumizi: nafuu za kodi.

Ukimsikiliza mtetezi wa mfumo huu atakupeleka Memphis. Mpinzani atakupeleka Washington, kwenye jengo la posta ya zamani lililokamilika 1899, mali ya serikali, ambalo kampuni ya Donald Trump ililikodi na kuligeuza hoteli ya kifahari iliyofunguliwa 2016. Nalo liliidhinishwa kwa nafuu ileile. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana mjadala huu hauishi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Nafuu hii haipunguzi kipato kinachotozwa kodi. Inakatwa kwenye kodi yenyewe, dola kwa dola. Anayedaiwa kodi ya dola milioni 5 akiwa na nafuu ya milioni 2, atalipa milioni 3. Kwa majengo ya kihistoria serikali ya shirikisho hutoa asilimia 20 ya gharama za ukarabati. Jengo liwe kwenye Daftari la Taifa la Maeneo ya Kihistoria, au liwe sehemu ya mtaa uliosajiliwa. Liwe la kuingiza kipato, kwa hiyo nyumba unayoishi mwenyewe haimo. Gharama za ukarabati zizidi thamani ya jengo kwenye vitabu vya hesabu, bila kuhesabu kiwanja. Na kazi ifuate viwango 10 vya Wizara ya Mambo ya Ndani (ambayo huko hushughulikia ardhi na maliasili, polisi si wake), vinavyosimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa, walewale wanaolinda mbuga ya Yellowstone.

Viwango hivyo vina meno. Shule kuukuu ikigeuzwa nyumba za kupanga, korido zake pana hubaki pana hata kama mwenye mradi anaona pale vyumba viwili vya kukodisha. Ukumbi wa sinema hauwezi kukatwakatwa ghorofa kwa ghorofa. Madirisha hayabadilishwi kiholela.

Historia yake ni fupi. Kubomolewa kwa kituo cha reli cha Pennsylvania mjini New York, kazi iliyoanza 1963, kuliwashtua watu wengi, na 1966 ikapitishwa sheria ya kuhifadhi majengo. Lakini sheria za kodi ziliendelea kumpendelea anayebomoa na kujenga upya hadi zilipogeuzwa 1976. Mwaka 1981 nafuu ilipanda hadi asilimia 25, na 1986 ikashushwa hadi 20. Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi lilitaka kuifuta kabisa. Seneti iliinusuru, ila kwa masharti: asilimia 20 hailipwi tena kwa mkupuo, inagawanywa kwa miaka mitano, asilimia 4 kila mwaka. Kwa anayejua kuwa dola ya leo si dola ya miaka mitano ijayo, hilo lilikuwa punguzo lisiloitwa punguzo.

Tatizo la msingi, kwa maoni yangu, liko kwenye njia ambayo fedha hupitia kabla ya kulifikia jengo. Mwendelezaji wa jengo bovu kwa kawaida hana kodi kubwa ya kulipa, kwa hiyo nafuu mkononi mwake ni kama tiketi ya treni kwa mtu asiyesafiri. Marekebisho ya 1986 pia yaliwabana watu binafsi wenye kipato kikubwa wasiitumie kirahisi. Wakabaki wenye kodi ya kutosha: benki na kampuni kubwa. Basi huundwa ubia. Benki inaingia kama mbia, inatia fedha, inachukua nafuu, na baada ya miaka mitano hutoka. Ikitoka mapema, au jengo likiuzwa kabla ya muda huo, sehemu ya nafuu hurudishwa serikalini.

Tuseme ukarabati umegharimu dola milioni 10. Nafuu ni milioni 2. Benki haitailipia milioni 2, maana itaipata kidogokidogo na inabeba hatari. Ikilipa senti 80 kwa kila dola, mradi unapata milioni 1.6. Toa hapo ada za wanasheria wa pande zote, wahasibu na washauri. Serikali imesamehe kodi ya milioni 2, na kilichofikia matofali ni kidogo zaidi ya milioni moja na nusu. Hiyo tofauti ndiyo inayowaudhi wachambuzi wa bajeti, na nadhani wana haki ya kuudhika.

Ubia wenyewe nao uliwahi kuyumba. Huko Atlantic City, New Jersey, kampuni ya Pitney Bowes iliingia kwenye ubia wa kukarabati ukumbi wa Boardwalk Hall, uliofunguliwa 1929. Mkataba ulikuwa umeilinda kila upande: hasara isingeigusa, na faida ya maana isingeipata. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilisema mbia asiye na cha kupoteza wala cha kupata si mbia. Soko likaganda hadi mwisho wa 2013, pale Mamlaka ya Mapato ilipotoa mwongozo: sehemu ya mwekezaji katika ubia isishuke chini ya asilimia 5 ya sehemu kubwa kuliko zote aliyowahi kuwa nayo, na angalau asilimia 20 ya mchango wake uingie kabla jengo halijaanza kutumika. Mahakama ilisema wazi kile ambacho kila mtu mezani alikijua: wale walikuwa wanunuzi wa nafuu.

Kwa nini basi serikali isitoe ruzuku moja kwa moja? Hapa watetezi wana hoja ambayo wapinzani huipita haraka mno. Nafuu haipatikani mpaka jengo limekamilika, limekaguliwa na limeanza kutumika. Mkandarasi akitoroka, msingi ukititia, mpangaji akikosekana, hazina haijatoa senti. Ruzuku hutoka mapema, na ikishaliwa imeliwa. Juu ya hapo, benki iliyoweka fedha zake huuchunguza mradi kwa jicho ambalo ofisa wa serikali hana muda nalo, maana nafuu ikirudishwa ni yeye anayeumia. Tangu 1976 mfumo huu umepitisha zaidi ya miradi 45,000 na kuvuta zaidi ya dola bilioni 100 za ukarabati. Magofu yaliyoachwa katikati ni machache.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana mikutanoni. Ruzuku hupigiwa kura kila mwaka na hukatwa kila mwaka. Nafuu iliyoandikwa kwenye sheria ya kodi hukaa hapo mpaka mtu aje kuifuta, na kama ilivyoonekana 2017, kuifuta si kazi rahisi. Wahifadhi wa majengo wamekubali njia ghali kwa sababu ndiyo njia inayodumu. Siwalaumu.

Ninachokikataa ni hesabu inayobebwa kila wakati wa kura. Tafiti za Chuo Kikuu cha Rutgers, zilizofanywa kwa ushirikiano na Idara ya Hifadhi za Taifa, zinaonyesha kwamba kodi zinazozalishwa na miradi hii zinazidi nafuu iliyotolewa. Hesabu ya aina hiyo inasimama kama utakubali kwamba bila nafuu hakuna ambacho kingejengwa, na kwamba mafundi wale wangekaa nyumbani. Kwa bohari ya Memphis ninakubali bila kusita. Kwa hoteli iliyo hatua chache kutoka Ikulu ya Marekani sikubali, na sheria haina swali hata moja linalotofautisha miradi hiyo miwili. Inauliza umri wa jengo, madirisha, gharama. Haiulizi nani atalala ndani, kodi ya pango itakuwa kiasi gani, wala nani alikuwa akiishi jirani kabla vumbi halijatimuka.

Wakijibu hilo, watetezi hutaja nafuu ya pili, ile ya masoko mapya, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2000 kwa ajili ya maeneo ya kipato cha chini. Hutoa asilimia 39 ya uwekezaji kwa miaka saba, na mara nyingi hupangwa pamoja na ile ya majengo ya kihistoria. Crosstown ilitumia zote mbili. Eneo linastahili ikiwa umaskini umefikia asilimia 20, au kipato cha familia ya kati hakizidi asilimia 80 ya kile cha ukanda mzima. Kwenye karatasi ni sawa. Mitaani, katikati ya mji kunaishi watu wachache, na mwanafunzi aliyepanga chumba bila mshahara huandikwa na sensa kuwa maskini. Ndivyo hoteli ya Blackstone ya Chicago, jengo la 1910, ilivyoweza kufunguliwa upya 2008 kwa msaada wa nafuu iliyokusudiwa mitaa ya wanyonge. Sheria haikuvunjwa. Mipango ya aina hii ina tabaka nyingi kiasi kwamba mwaka 2010 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilishauri ifikiriwe kutolewa ruzuku badala ya nafuu. Ushauri haukufuatwa, mwaka 2025 nafuu ya masoko mapya ilifanywa ya kudumu, kwa dola bilioni 5 za uwekezaji kila mwaka.

Majimbo yamejifunza kwa maumivu zaidi, maana lazima bajeti zao zilingane. Missouri ilianza 1998 kutoa asilimia 25 juu ya ile ya shirikisho, na maghala ya Washington Avenue mjini St. Louis yakajaa wapangaji. Bili ikakua hadi ikabidi iwekewe ukomo wa dola milioni 140 kwa mwaka. Mwaka 2018 ukomo ukashushwa hadi milioni 90, na nyingine 30 zikatengwa kwa maeneo maskini tu. Kipengele hicho cha mwisho kinanivutia kuliko vyote, kwa sababu hakikuongeza fomu wala tabaka jipya la ubia. Kilitenga fungu na kusema litatumika wapi.

Na wapo wasiofika hata mlangoni. Chukua duka la ghorofa mbili kwenye mtaa mkuu wa mji mdogo, ukarabati wa dola 300,000. Nafuu yake ni 60,000, tena kwa miaka mitano. Hakuna benki itakayounda ubia kwa kiasi hicho, kwani ada ya wanasheria peke yake inaweza kuimeza. Mwenye duka huyo ndiye anayetajwa kwenye hotuba kila mfumo huu unapotetewa. Kuna pendekezo bungeni la kuwapa wadogo asilimia 30 na kuwarahisishia kuuza nafuu yao bila kuunda ubia. Mimi ningekwenda mbali zaidi: chini ya kiwango fulani cha gharama, hazina imlipe mwenye jengo mwenyewe, fedha taslimu, siku mkaguzi anapotia saini kwamba kazi imekamilika. Nidhamu ya kulipa baada ya kazi inabaki, na zile senti 20 hazina haja ya kupitia benki.