Dagaa wa Kigoma: tulaumu nyavu au upepo?

Ukimuuliza mchuuzi pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwa nini dagaa wamepungua, atakutajia makokoro, yaani nyavu za kukokota, kisha taa za wavuvi zinazowaka ziwani usiku wa giza kama mji mwingine. Serikali nayo iko upande huo: mwaka 2024 ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Sina ugomvi na hilo. Ila miezi hiyohiyo ni ya upepo wa kusini-mashariki, na bila upepo huo ziwa halikorogeki.

Mimina maji kwenye sufuria yenye mawese: mafuta yanapanda juu, na usipokoroga yatakaa hivyo hadi kesho. Ziwa letu liko karibu hivyo, isipokuwa tabaka zote ni maji, zimetenganishwa na joto. Juu ni kama nyuzi 26, chini 23 na ushei. Ni tofauti ndogo, lakini maji yakishakuwa vuguvugu, kila nyuzi inayoongezeka huyafanya mepesi kwa kiasi kikubwa kuliko ingekuwa kwenye maji ya baridi, basi kuyachanganya kunataka nguvu. Huku Kigoma, ukipita mita 100 hivi oksijeni imekwisha, na ziwa linashuka hadi mita 1,470. Fosforasi na mbolea nyingine zimelala huko.

Upepo ukivuma, maji ya juu yanasukumwa kaskazini, na kule Mpulungu, Zambia, ya baridi yanapanda na mbolea yake. Ukitulia, mpaka wa tabaka unapembea huku na huko, mara moja kwa mwezi hivi, na mvuvi juu haoni kitu. Misukosuko ya pale mpakani ndiyo inayopandisha mbolea kidogokidogo. Inalisha mwani, mwani unalisha vijidudu, vijidudu vinalisha dagaa, dagaa wanalisha migebuka.

Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake waliandika kwamba ongezeko la joto limekaza tabaka hizo, uzalishaji wa mwani ukashuka kwa asilimia 20 hivi, na samaki huenda kwa 30. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake wakapinga: takwimu za samaki zinafuata mbinu za uvuvi, si tabianchi. Wana hoja, maana mzani wa mwaloni hupima kilichovuliwa, haujui kilichobaki. Lakini mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen ilichimba tope la chini ya ziwa ikakuta mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri. Hilo mimi siwezi kulipuuza.

Halimsafishi mwenye kokoro, hata hivyo. Kama ziwa linazalisha kidogo kuliko zamani, basi mitumbwi iliyokuwa inatosha jana leo imezidi. Na ziwa likifunguliwa Agosti dagaa wakawa haba, kabla hatujasema kufunga kumeshindwa, tuulize kwanza upepo wa mwaka huo ulivumaje.