Bata mwitu na mpunga: firigisi haisemi yote

Mkulima wa mpunga wa Kwale au delta ya Mto Tana akimnasa bata mwitu, humpasua firigisi, akatoa punje, na kesi ikaisha: bata ni mwizi wa mpunga. Punje kweli zimo. Shida ni kwamba firigisi huonyesha kile kilichoshindwa kusagika upesi, si kila kilicholiwa.

Ndani yake mna changarawe, nayo ni ya kusagia. Mbegu yenye ganda gumu hukaa humo kwa saa nyingi, ilhali mabuu ya wadudu na minyoo huyeyuka kwa dakika chache, na mmeng'enyo huendelea hata ndege akishakufa. Bata aliyechinjwa asubuhi akapasuliwa adhuhuri ataonekana amekula mbegu tupu. Ndiyo maana wanaochunguza chakula cha bata kwa makini hutazama umio, tena wa ndege aliyekamatwa akiwa katika kula, na kilichomo hutiwa spiriti papo hapo. Ukifanya hivyo wadudu na konokono huonekana kwa wingi, hasa kwa jike anayetaga: yai linataka protini, na mbegu za nyasi hazimtoshi. Vifaranga nao, wiki zao za mwanzo, huishi zaidi kwa wadudu. Na hata mbegu zenyewe, nyingi ni za ndago na za nyasi zile zile ambazo mkulima hupinda mgongo kuzing'oa.

Halafu tunasema "bata" kana kwamba ni mmoja. Yule mdogo wa kwenye yungiyungi, asiyefika hata gramu 300, hula hasa mbegu za yungiyungi, mpunga haumhusu. Bata bukini wa Misri hupanda nchi kavu akachunga majani kama mbuzi. Wale wa mluzi wenye uso mweupe huchanganya mbegu, mizizi laini, konokono na wadudu, na hula zaidi usiku. Mwenzao wa rangi ya hudhurungi karibu chakula chake chote ni mimea, na huyo kwa mpunga hana utetezi mkubwa. Hapa Mombasa hatuwaoni sana kwa sababu Tudor na Port Reitz ni maji ya chumvi na mikoko, ilhali wao wanataka maji baridi, ya kina kifupi, yenye nyasi.

Msimu nao ni nusu ya hoja. Masika mto ukifurika, bata husambaa katika delta, eneo la Ramsar (mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu) tangu 2012 lenye hekta 163,600, na chakula kiko kila mahali. Kaskazi ikikausha madimbwi, hujazana kwenye maji yaliyobaki, na jaruba lenye maji ni mojawapo. Wakati huo wapo pia wageni wa Ulaya na Asia, wanaofika kuanzia Oktoba na kuondoka kufikia Aprili.

Mkulima naye hasingizii. Akimwaga mbegu juu ya tope, kundi la bata mia moja likatua usiku, ambazo hazikuliwa hukanyagwa zikazama. Kusia upya ni gharama ya mbegu na siku za mvua zilizopotea. Ila hasara hiyo ina dirisha lake: siku za mwanzo baada ya kumwaga, kisha tena suke linapokomaa. Punje zinazookotwa baada ya mavuno zilikwisha anguka. Hakuna ambaye angezitia guniani.

Dirisha la kwanza huzibika. Otesha kitaluni, pandikiza miche ya siku 21 hivi. Ikishika mizizi hakuna punje ya kuokota. Ukilazimika kumwaga, sawazisha jaruba kwanza, maana panapobaki vidimbwi ndipo bata hutua. Ukikausha kabisa, utawapa nafasi hua na njiwa mchana. Ulinzi uwe baada ya magharibi. Kuamia ndege mchana kutwa hakumzuii bata wa mluzi.

Dirisha la pili ni gumu zaidi, hasa mpunga ukilala majini, na hapo ndipo wengine hufikiria sumu. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, kabofurani, sumu ya kuua wadudu, ilitegwa kwenye punje na konokono. Walikufa bata, wakafa na korongo wanaokula konokono wa mashambani, na nyama ikauzwa kwa watu.