Gari ya Timu Ituachie Viti Vitano

Wiki tatu zilizopita kamati ya timu yetu ilikaa barazani baada ya sala ya Isha na kupitisha uamuzi ambao, kwa maoni yangu, umetokana na hesabu nzuri na fikra mbaya. Kuanzia sasa, timu inapokwenda kucheza ugenini, gari itabeba wachezaji, benchi la ufundi na mtunza vifaa peke yao. Mpenzi yeyote anayetaka kuifuata timu atajitafutia usafiri wake. Sababu iliyotolewa ni moja, nayo ni fedha, kwani gari ndogo hukodiwa kwa bei nafuu kuliko kubwa, na tuliambiwa kwamba tofauti ya safari chache inatosha kununua mipira miwili. Hesabu hiyo siipingi. Ninachokipinga ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba sisi tunaokaa viti vya nyuma ni watazamaji, na mtazamaji ni mzigo.

Timu yetu ni ya upande wa Konde, kaskazini mwa Pemba, na inacheza Daraja la Kwanza, jina ambalo humdanganya mgeni, maana juu yake ipo Ligi Kuu ya Zanzibar na daraja hilo la kwanza kwa hakika ni la pili. Huko juu zimo timu za vikosi vya Serikali, kama KMKM, JKU, KVZ na Zimamoto, ambazo mchezaji wake anaweza kuwa na ajira na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mchezaji wetu ana mikarafuu ya babu yake, au ana bodaboda ya mtu, au yuko skuli bado. Golikipa wetu wa kwanza ni mvuvi, na anapokwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, hatuna budi kumpanga kijana wa kidato cha tatu ambaye mikono yake ni mizuri lakini sauti ya kuwaamrisha mabeki hajaipata. Mwaka ambao karafuu zimezaa sana, beki wa kulia hupotea wiki nzima, na hakuna kocha mwenye ubavu wa kumlaumu mtu anayelipwa kwa kila pishi ya karafuu aliyoichuma. Timu ya namna hii haina daktari wa kuajiriwa, haina meneja wa safari, haina mwanasheria. Kazi hizo zote zinafanywa, lakini zinafanywa na watu wa viti vya nyuma.

Nitaisimulia safari yetu ya mwisho kabla ya uamuzi huo, kwa sababu ndani yake yamo yote ninayotaka kuyasema. Tulikuwa tunakwenda upande wa Kengeja. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, na mtu anayetoka Konde kwenda Kengeja ameumaliza karibu urefu wote huo. Ilikuwa Ijumaa, tukaondoka mara tu baada ya sala, katika gari ya chai maharage ambayo mabenchi yake yanatazamana, wachezaji wamebanana magoti kwa magoti na katikati yao ndoo mbili za maji, mfuko wa mipira na deli la barafu lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Wapenzi tulikuwa watano: mzee mmoja ambaye zamani alikuwa beki wa timu hii hii, muuguzi mstaafu, mwalimu wa skuli, kijana muuza duka, na mimi.

Tulipofika Gombani, kabla ya kuingia Chake Chake, mazungumzo yalikatika na vichwa vyote vikageukia uwanjani. Hilo hutokea kila tunapopita pale. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa katika uwanja huo na timu za taifa badala ya klabu, na tarehe 13 Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, ikaifunga Burkina Faso mabao 2–1 katika fainali. Vijana wetu wengi walikuwepo siku ile. Winga wetu, ambaye kwa kawaida hafungui mdomo mpaka apewe pasi mbovu, alisema kwamba alisimama tangu mchana na bao la pili hakuliona kwa sababu ya mtu mrefu aliyekuwa mbele yake. Gari nzima ilicheka hadi tukaupita mji, kisha ikanyamaza tena tulipokata kona ya Mtambile, kwa kuwa kutoka hapo kila mtu alianza kuufikiria mchezo.

Kiwanja kilikuwa cha skuli, chenye mteremko kidogo upande wa magharibi na mnazi mmoja karibu na kibendera cha kona, ambao wenyeji wanajua jinsi ya kuupitia na wageni hawajui. Mchezo ulipangwa saa kumi na robo, baada ya Alasiri, na kwa kuwa hakuna taa, ulipaswa kwisha kabla ya Magharibi bila ya mjadala. Muda huo mfupi una faida kwa timu inayoongoza, na kila kipa wa kisiwa hiki anajua namna ya kuufunga na kuufungua uzi wa kiatu jua linapozama.

Kabla ya mpira kuanza, mwalimu alikuwa ameshakaa na kamisaa wa mchezo akikagua leseni za wachezaji wa pande zote mbili, jina kwa jina, picha kwa sura. Kocha wetu hawezi kuifanya kazi hiyo, maana wakati ule anawapasha vijana moto, na kasoro ya leseni isiyoonekana kabla ya mchezo huwa ngumu kuithibitisha baadaye, rufaa inapofika mezani na kila upande una maneno yake. Muuguzi alikuwa amewafunga vifundo wachezaji wawili. Muuza duka alikuwa anapatana na mama mmoja bei ya maji ya mabungo kwa ajili ya mapumziko, na alipatana vizuri kuliko ambavyo mtunza vifaa angeweza.

Mimi kazi yangu ni mkoba. Ni mkoba wa ukili, wa kuendea sokoni, na ndani yake mlikuwa na simu kumi na nane, saa tatu, pete moja na hirizi ambayo mwenyewe hataki ijulikane ni ya nani. Nilikaa chini ya mwembe nimeupakata. Mpira ulipoanza, simu zikaanza. Mkoba ulikuwa unatetemeka mapajani mwangu kama kuku aliyefungwa miguu, na kwa desturi sizipokei, lakini ilikuwepo moja iliyopigwa mara nne mfululizo, nikaitoa, nikaona imeandikwa "Mama". Alikuwa mama yake winga. Hakuuliza matokeo. Aliuliza kama wamekula, nikamwambia wamekula wali na samaki nyumbani kwa kocha kabla ya kuondoka, akauliza kama dereva ni yule yule wa safari iliyopita, nikamwambia siye, huyu ni mtu mzima, haendi mbio. Akasema, "Haya baba, maadamu wewe upo," akakata.

Naiomba kamati iyasome tena maneno hayo ya mwisho. Wazazi wa vijana hawa hawajui kanuni za ligi na wengi wao hawajawahi kuingia kiwanjani. Wanachokijua ni nani aliyemo ndani ya gari. Ruhusa ya kijana wa miaka kumi na saba kwenda upande wa pili wa kisiwa na kurudi usiku haitolewi na kocha wa miaka ishirini na sita, hata awe hodari vipi. Hutolewa kwa sababu yumo mzee anayejulikana msikitini, na muuguzi aliyemzalisha mama huyo watoto wawili.

Kipindi cha pili, sisi tukiwa nyuma kwa bao moja, mshambuliaji wetu alifunga, refa akaashiria kati, kisha akamwona mshika kibendera ameinua, akalikataa bao. Kwa macho yangu halikuwa la kuotea, lakini macho yangu yalikuwa chini ya mwembe na nina upande. Vijana walimzunguka refa. Nahodha wetu ana moyo wa moto, na nilimwona anavyokwenda, kifua mbele, mikono nyuma, namna anavyokwenda mtu ambaye ameshaamua. Mzee hakupiga kelele wala hakuingia uwanjani. Alisimama kwenye mstari, akavua kofia yake, akamwita kijana kwa jina la baba yake. Basi. Jina la baba tu. Nahodha aligeuka, akamtazama, akashika kiuno, akarudi nyuma hatua tatu huku akizungumza peke yake. Upande wa wenyeji mtu mmoja wa makamo akauliza kwa sauti, "Ami, na wewe umefuata?" Kumbe walikuwa na ujamaa wa ndoa, binti wa kwetu ameolewa kwao, na kuanzia hapo kelele za upande ule zilibadilika, zikawa za utani. Dakika chache baadaye tulisawazisha kwa kona. Mchezo ulikwisha 1–1.

Siku nane baadaye timu ilikwenda ugenini kwingine bila sisi, kwa gari ndogo. Sikuwepo, kwa hiyo nasema niliyoambiwa na wachezaji wanne kwa nyakati tofauti, na maelezo yao yanalingana. Ulitokea ubishi mdogo kuliko ule wa Kengeja, kuhusu mpira wa kurusha. Nahodha alikwenda vile vile, kifua mbele, na safari hii hakuwepo wa kumwita. Alipewa kadi nyekundu, tukafungwa mabao matatu, na kijana mmoja aliyeteguka goti alirudi amelazwa juu ya mifuko bila ya kufungwa chochote, kwa sababu barafu ilisahauliwa. Kamati sasa inasubiri barua ya adhabu. Mipira miwili haijanunuliwa.

Ipo hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito, kwamba wapenzi ndio wanaoleta fujo. Ni kweli. Msimu uliopita mmoja wetu alimtukana mshika kibendera matusi ambayo siwezi kuyaandika, akiwa amevaa jezi yetu, na ilibidi watu wazima wawili warudi kule wiki iliyofuata kuomba radhi nyumbani kwa mtu. Ndiyo maana sidai viti kumi na tano. Nadai vitano, na wa kuvikalia wateuliwe na kamati yenyewe, kila mmoja kwa kazi yake, na mwenye kuharibu asipande tena. Anayetaka kwenda kuzomea na kupiga tarumbeta aende, hayo nayo yana raha yake, lakini nauli hiyo haiihusu timu.

Ama shauri la kwamba tujitafutie usafiri wenyewe, naamini aliyelitoa hajawahi kulijaribu. Kutoka kwetu mtu atapanda daladala mpaka Chake Chake, apande nyingine ya njia ya Mkoani ashuke Mtambile, halafu asubiri ya tatu ya kumfikisha Kengeja. Kwenda anaweza. Kurudi, mchezo unapomalizika na adhana ya Magharibi ikiwa karibu, hakuna gari itakayomngoja pale Mtambile, na mzee wa miaka sabini hatalala barazani kwa watu kwa ajili ya pointi moja, ingawa huyu wa kwetu nadhani angelala.

Tena tunasema tunataka kupanda daraja. Zamani Ligi Kuu ilichezwa kwa kanda mbili, Unguja na Pemba, kisha timu bora zikakutana katika hatua ya Nane Bora. Sasa ni ligi moja, na timu ya Pemba iliyomo humo huvuka bahari mara kwa mara. Tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Mv Spice Islander I karibu na Nungwi ikiwa inakuja huku Pemba, hakuna nyumba katika kisiwa hiki inayoichukulia safari hiyo kwa wepesi. Mama yule aliyepiga simu mara nne kwa safari ya Kengeja, atapiga mara ngapi mwanawe akiwa melini usiku, na nani atapokea?

Usiku ule wa Kengeja tulisali Magharibi hapo hapo, kwenye majamvi waliyotutandikia wenyeji, tukapakia. Mzee alisimama nyuma ya gari na tochi ya simu, akahesabu vichwa, akahesabu tena, akasema amepungua mmoja. Alikuwa golikipa, yule wa kidato cha tatu. Alikutwa nyuma ya goli anatafuta glavu moja gizani, na glavu yenyewe si yake, ni ya mvuvi aliye dago. Tuliitafuta watu sita kwa tochi mpaka ikaonekana chini ya mnazi ule wa kona. Gari ikaondoka saa mbili kasoro, na kabla ya kufika Chake Chake, mwalimu alikuwa ameshatoa daftari na kuandika michango ya safari inayofuata: majina kumi na matatu, wachezaji wanane na sisi watano, na kiwango kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha mzee.

Kamati inakutana tena Jumatano. Daftari ninalo mimi, ndani ya mkoba, na nitakwenda nalo.