Mazoezi ya pamoja kwenye uhalisia pepe: tuache kuhangaika na picha

Kila miwani mpya ya uhalisia pepe (VR), inayokuingiza kwenye ulimwengu wa kompyuta, inapotoka, sifa huanzia kwenye picha: majani yanatikisika, maji yanameta, ngozi inaonekana kama ngozi. Kwa anayetaka kufanya mazoezi na wenzake, naona juhudi hizo zinaelekezwa kusiko.

Tazama Zwift, programu ya kuendesha baiskeli na wenzako mtandaoni, ambayo haihitaji hata miwani. Unafunga baiskeli yako kwenye mashine chumbani, unaweka skrini mbele. Watopia, kisiwa chake chenye volkano, ni cha kuchorwa na hakijifichi. Lakini ukifika kilimani mashine inakaza na mapaja yanawaka moto. Ukijibanza nyuma ya mwenzako unapata ahueni, kwa sababu programu inapiga hesabu ya upepo anaokukinga. Misuli inaelewa uhalisia wa namna hiyo. Desemba 2020, UCI, shirikisho la baiskeli duniani, liliendesha humo mashindano ya ubingwa wa dunia, na Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini akatwaa taji la wanawake.

Kuna mahali Zwift inadanganya, nami naipongeza. Misafara yake inaweza kupangwa ili kundi lisiachane, hata kama mmoja anakanyaga kwa fujo na mwingine anajikongoja. Kifizikia haiwezekani. Kwa anayeanza, ndiyo tofauti ya kurudi wiki ijayo na kuuza baiskeli.

Mtafiti Deborah Feltz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan State waliwapa watu mazoezi ya kujikaza tumbo, wakiwa na mwenza kwenye skrini aliyewazidi kidogo. Wenye mwenza walivumilia zaidi ya waliokuwa peke yao, hata mwenza alipokuwa kikaragosi kisichofanana sana na binadamu. Ila mwenza binadamu aliwashinda vikaragosi wote. Mimi nasoma hapo kwamba tunavutwa na mtu, si na mchoro wake.

Na mtu tunamjua kwa sauti. Aliyekimbia mchakamchaka shuleni anakumbuka: kiongozi anarusha mstari, kundi linaitikia, miguu inatua pamoja juu ya neno. Pumzi zimekata lakini unaona aibu kuacha mdundo. Klabu za jogging za Dar es Salaam zinaishi kwa hilo. Mtandaoni, sauti ikichelewa hata sehemu ya kumi tu ya sekunde kila upande, uitikiaji unavurugika: kila mmoja anamsikia mwenzake yuko nyuma, anapunguza kasi kumngoja, mwenzake naye vivyo hivyo, na wimbo unaburuzika mpaka unakufa.

Hapo ndipo ningependa wahandisi wakeshe. Wapunguze ucheleweshaji wa sauti, wanisikilizishe mwenzangu anavyohema, wapunguze uzito wa miwani, maana Quest 3 ina zaidi ya nusu kilo na jasho linaifanya iteleze usoni. Wenzangu wakichorwa kwa mistari mitupu sitalalamika, mradi nikitupa mstari waitikie kwa wakati.