Figo si mhanga tu wa presha
Kuna makala kuhusu presha (shinikizo la juu la damu) inayosema figo za panya wenye presha ya kurithi huharibiwa na presha yenyewe: kuta za vishipa hunenepa, vichujio vidogo vya damu ndani ya figo hujaa makovu. Sawa, lakini hiyo ni nusu tu ya habari. Miaka ya 1970 watafiti walipandikiza figo kutoka panya mmoja hadi mwingine, na presha ikaifuata figo! Panya asiye na presha aliyepewa figo ya mwenye presha, naye ikampanda. Kwa binadamu, hesabu iliyofanywa Ujerumani na kutolewa 2003 ilikuta wenye presha wana vichujio kama 700,000 kwa kila figo, wenzao wasio na presha milioni 1.4. Jamani, panya hawa wachunguzwe wakiwa wachanga, kabla presha haijapanda, tujue kama figo ndiyo inayoanza.