Machicha ya nazi yasiende jalalani

Watu wa Tanga tunaambiwa tupunguze taka, lakini taka nyingi za jikoni zikiozeshwa ndani ya ndoo huwa mbolea. Toboa ndoo mbovu matundu chini na ubavuni, iweke kivulini. Kila kibakuli cha maganda kifunike kwa viwili au vitatu vya majani makavu ya mwembe. Kinachoharibu zaidi ni machicha: yana mafuta, yakirundikwa hugandamana, hewa haipiti, yanachacha na kunuka. Yatawanye kidogo kidogo. Geuza kila wiki. Chota konzi uiminye: maji yakichuruzika, ongeza makavu, ikitawanyika kama vumbi, nyunyiza maji. Matumbo ya samaki usitie kabisa, yanaita panya. Na masika funikeni, jamani! Ikinukia udongo, imeiva.